Mvinyo Uliotiwa kwenye Mbuzi wa Pasaka

Lukuledi,
Masasi.
27 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Cecilia,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje huko Hispania, bado inavimba ukisimama sana kazini? Sisi ni wazima. Bibi kikohozi kimemwachia, na mahindi mabichi tumekula mpaka tumeyachoka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ukipiga simu, Bibi hukaa karibu, na simu ya Baba inasikika hadi uani.

Uliuliza ule mvinyo mwekundu uliotutumia tuliunywa na chakula gani. Shangazi, hatukuunywa.

Baba alinipa chupa niisome, maana Kiingereza hapa nyumbani nakisoma mimi. Nyuma waliandika kwamba unafaa kunywewa na kondoo au mbuzi wa kuchoma, na jibini kavu, na uyoga. Nikajisemea uyoga upo, mbuzi atachinjwa, jibini ndiyo basi. Lakini nilianza kwa kuwasomea mwaka, 2017, na Bibi akanikatiza.

"Miaka minane? Pombe ya uraka wa mabibo siku ya tatu tu inakwaruza koo, sembuse huo. Lete nionje." Akaonja kwa kijiko, akakunja uso. "Siki hii. Maskini Cecilia, wameuona ugeni wake wakamuuzia siki."

Wote wakacheka. Nilitaka kusema kwamba mvinyo wa aina hiyo huwekwa miaka kwa makusudi. Nikaenda kuosha kijiko. Unanijua.

Siku ya Pasaka mbuzi alichinjwa na Baba Ashiru, jirani yetu, kama kila mwaka, ili na wao Waislamu wale bila wasiwasi. Bibi akailoweka nyama kwa kitunguu saumu, tangawizi na nusu ya ile chupa. Sufuria nilikuwa nimeishika mimi, Shangazi. Nilinusa harufu ya divai, nikaendelea kuishika.

Baba Ashiru alikula, akaongeza. "Mama Cecilia, leo umetuweza," alimwambia Bibi. "Mbuzi huyu ni wa harusini."

 Tangu siku hiyo nikimwona binti yao Rukaiya njiani, nainama kufunga kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Jana Bibi akanipa nusu iliyobaki niwapelekee. Mama Ashiru alikuwa ameiomba "ile siki" kwa ajili ya karamu ya akika ya mjukuu wao mchanga. Nikazunguka shamba la mikorosho mara mbili nikiwa na chupa kwenye kanga, kisha nikaenda. Nilimkuta Baba Ashiru anachonga mpini wa jembe. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikamsomea maandishi yote ya nyuma ya chupa, Kiingereza kisha Kiswahili.

Akaacha kuchonga. "Bibi yako anajua?"

"Hapana."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Aliulaza mpini chini. Halafu akasema, "Sisi hatukujua, na bibi yako hakujua. Aliyetulisha ni wewe." Hakupaza sauti, bora angepaza. Akaniambia nirudi na chupa yangu, akika watapika kwa limau. "Jumamosi uje umenye vitunguu na Rukaiya. Ila bibi yako umwambie wewe mwenyewe. Sitaki alisikie kwangu."

Sasa namwogopa Bibi. Kunipiga hatanipiga. Naogopa ataona aibu, na Pasaka ijayo hatathubutu kumwomba Baba Ashiru atuchinjie. Undugu wao ni wa tangu Baba hajazaliwa, na aliyeshika ile sufuria ni mimi. Nisamehe na kwa mvinyo wako pia.

Baba na Mama wanakusalimu, na mdogo wangu Erasto anauliza kama huko kuna korosho. Mungu akutunze mikono na miguu.

Bibi yuko jikoni. Ananiambia nikuandikie kwamba anashukuru kwa siki. Nimeziandika salamu zake kama alivyozisema, na sasa naweka kalamu chini nikamwambie kabla sijafunga bahasha.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Flora