Breki Zinalia, Mume Wangu Hasikii

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana nikikwambia kwamba kinachoninyima raha ndani ya ndoa yangu ni breki utadhani nimekosea ukurasa.

Mimi ni muoka keki, naokea nyumbani na kuzisambaza kwa kigari chetu kidogo, na mume wangu ni fundi magari ambaye gereji yake imeshikana na ukuta wa jiko langu, yaani mimi nikitoa trei kwenye oveni namsikia yeye akigonga chuma, na hivyo ndivyo tulivyoishi na kulea wanetu mpaka wote wakaondoka kwenda kujitafutia, na sijawahi kujuta. Mtaani wanamwita Daktari, kwa sababu hakuwa fundi wa kufungua-fungua ovyo, yeye aliinamisha kichwa juu ya injini, akafumba macho, akasikiliza kama mtu anayepewa umbea mtamu, kisha akasema, "Hii ni beringi ya alteneta," na ikawa hiyo hiyo. Wateja waliletwa na masikio yake, si na kibao cha mlangoni.

Sasa, hivi karibuni pedi za breki za mbele za kigari changu ziliisha, akazibadilisha mwenyewe, akanawa mikono, akaniambia, "Haya mama watoto, nenda kauze," nikaondoka zangu, na kwenye kona ya kwanza nilipogusa tu breki gari likatoa ukelele mwembamba wa kuchoma masikio, hadi mwenye duka la dawa akatoka nje kuangalia nani kaumia. Nikasema ni upya, zitazoea. Hazikuzoea. Siku hizi wateja wangu hawasubiri honi, wakisikia ule mlio wanafungua mlango na kuandaa sahani, na mbwa wa jirani akinisikia naingia mtaani anabweka mpaka nizime gari.

Nilimwambia. Akashika usukani, mimi kando yake, akakanyaga breki, gari likalia, mshauri, likalia mpaka nikakunja uso, naye akanigeukia ametulia kabisa akauliza, "Wapi sasa?" Nikasema hapo hapo, akakanyaga tena, likalia tena, akasema, "Mbona kimya?" Hakuwa anatania, mume wangu akitania namjua, na ndipo nilipoelewa kwamba mlio ule haumfikii. Mazungumzo anasikia, ukibisha hodi anasikia, lakini hata kikengele cha oveni yangu kinalia naye amesimama karibu na hageuki, na mimi siku zote nilidhani ni uvivu wa kunitolea keki.

Nikafanyaje? Nikasema, "Aa, limeacha, labda lilikuwa vumbi." Akafurahi.

Tangu hapo naendesha gari pamoja na uongo wangu. Juzi nikaona yaishe, nikalipeleka kwa fundi wa mtaa wa mbali asiyenijua, nimejifunika mtandio hadi puani kama mke wa mtu anayeingia gesti, na yule fundi akafungua tairi moja tu, akachungulia, akauliza kwa dharau, "Nani kafunga hizi?" Mshauri, mimi niliyekwenda kumsaliti mume wangu nikajikuta namtetea! Nikamwambia zimefungwa na mtu anayemzidi yeye mbali, rudisha tairi langu, nikaondoka kichwa juu na breki zinalia nyuma yangu mpaka nikaona haya mwenyewe.

Kuna jambo jingine pia, ingawa sidhani kama lina maana. Siku hizi amekuwa na mapenzi ya ajabu, kila gari analomaliza ananiita niache unga tukalijaribu barabarani wote wawili, zamani hakuwa hivyo kabisa, na tukirudi, kabla hajamkabidhi mwenye gari funguo, huniuliza, "Unalionaje, limekaa sawa?" nami namjibu limekaa sawa, kwa sababu mimi najua nini kuhusu magari, na kwa sababu napenda anavyotabasamu nikisema hivyo.

Nifanye nini? Nikimwambia hasikii nitakuwa nimemvua nguo, maana masikio ndiyo kazi yake na ndiyo heshima yake. Nikinyamaza, nina hofu, na hofu yenyewe hainiachi nikilala wala nikikoroga unga. Nampenda sana huyu mtu. Nisaidie.

Wako, Muoka Keki

*

Mpendwa Muoka Keki,

Sijacheka, ingawa pale pa mtandio nilijikaza.

Tuanze na gari, kwa sababu gari halina subira. Mimi nashauri mambo ya nyumba, breki nazijua kwa kuzikanyaga tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi ninayemwamini bila kumwambia imetoka wapi. Anasema mlio mwembamba baada ya kubadilisha pedi mara nyingi ni pedi zinazotetemeka mahali pake. Pengine vile vibati vyembamba vya nyuma ya pedi havikurudishwa. Pengine pale pedi zinapoteleza hapakusafishwa na kupakwa grisi yake, au diski ya zamani inayobanwa na pedi imekuwa laini kama kioo na ilitakiwa ikwanguliwe kwanza. Wakati mwingine pedi zenyewe ni ngumu mno, basi. Yote hayo yanatengenezeka, na hata fundi hodari husahau. Tofauti ni kwamba zamani mlio ungemrudisha mumeo chini ya gari kabla hajanawa mikono. Lakini ukisikia chuma kinakwaruza chuma, au gari linavuta upande ukikanyaga, au breki inazama mguuni, simama papo hapo, usiniambie ngoja nimalizie keki mbili zilizobaki. Na kwa kuwa tairi halijafunguliwa likatazamwa vizuri, wewe na mimi hatujui ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo leo keki ziende kwa usafiri mwingine.

Sasa wewe. Umekosea, mama, tena unajua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mwenzako.

Hebu rudia kusoma lile uliloliita jambo lisilo na maana. Mwanamume aliyejaribu magari peke yake maisha yake yote, ghafla haondoki bila mkewe kando. Halafu anakuuliza kama limekaa sawa. Wewe umeona mapenzi, na ni mapenzi kweli, ila si ya kutembezana. Mumeo anajua. Labda hajui ukubwa wake, labda hajathubutu kulitamka hata akiwa peke yake bafuni, lakini anajua kuna sauti hazimfikii tena, na katika watu wote ambao angeweza kuwafanya masikio yake, alikuchagua wewe. Anawakabidhi watu magari yao kwa neno lako. Na wewe unamjibu limekaa sawa huku unawaza unga!

Sikusemi ili ulie. Ulifanya kwa huruma, na mke mwenye huruma ni hazina, lakini huruma haijawahi kusimamisha gari.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla mteja hajatia mguu, mwite. Asiwepo mtu mwingine. Ungama kwanza kwamba gari halikuacha kulia, ulimdanganya. Kisha pandeni, yeye aendeshe taratibu mahali pasipo na watu, na kila likilia mguse bega umwambie linalia, upande gani, kwa nguvu kiasi gani. Akirudi atafungua tairi mwenyewe, na hapo usimwingilie, mikono yake haina ugonjwa wowote. Mkilijaribu tena na bado linalia, sema linalia, hata kama ni mara ya ngapi.

Magari aliyoyatoa siku za karibuni, hasa ya breki, awaite wenye magari ayakague upya, wewe ukiwa ndani na masikio wazi. Fundi anayerudia kukagua kazi yake hadharauliwi na mtu. Na mwende hospitali wote wawili akapimwe. Huenda ni nta tu iliyoziba masikio, huenda ni chuma alichokigonga maisha yote, na vifaa vya kusaidia masikio vipo. Mbona watu tunavaa miwani na hatujafa kwa aibu?

Atanuna? Huenda. Mwache anune, mpelekee chai, usimbembeleze kupita kiasi, rudi jikoni. Ataumia siku hiyo, nakubali. Lakini amekuwa akiibeba siri hii peke yake, na nadhani imemchosha kuliko unavyodhani.

Na maneno yakikukwama kooni, sema haya tu, mimi sina ya kukuongezea: "Mume wangu, gari linalia, wewe hulisikii, na mimi nipo."