Majani Niliyochuma kwa Neema

Jumapili, Guangzhou. Mvua tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi leo sitaki hata kujitazama kwenye kioo.

Niseme tu. Nimemwibia Neema.

Neema ni rafiki yangu, wa Dodoma, tunasoma chuo kimoja. Utafiti wake ni mikaratusi midogo ya maeneo makame. Ameipanda kwenye vyungu kumi na viwili ndani ya banda la vioo, anainyima maji na kuhesabu majani kila wiki, aone kama itafaa kwao. Wiki iliyopita alisafiri, akaniachia ufunguo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia tu, nisiguse kitu.

Jumatano mama mdogo, aliyekuja kufunga mzigo wa nguo mtaa wa Xiaobei, akabanwa na mafua hotelini. Sisi na mafua mnatujua: nyungu, kujifukiza mvuke wa majani ya mkaratusi. Kwetu Singida ungekata tawi tu pale barabarani. Nikaenda bandani nikachuma. Kila mti majani machache, nikijidanganya kwamba nikigawanya haitaonekana. Ningemaliza mti mmoja, kumi na mmoja ingebaki salama. Mimi nikaiharibu yote.

Mama mdogo akajifunika blanketi, akatoka jasho, akaniombea baraka. Nikajiona mtoto mwema. Loo!

Ijumaa Neema karudi. Alihesabu mara mbili, kisha akakaa sakafuni. Miezi saba ya kazi. Nikamshika bega nikamwambia, "Pole, dada."

Pole! Kwa mdomo huu huu.

Msimamizi wake akauliza nani mwingine huingia mle. Neema akasema ni mimi, na kwamba mimi ananiamini. Akabaki wa kushukiwa mzee anayefagia banda. Kesho asubuhi anaitwa ofisini. Mzee wa watu, kila nikipita hunichekea, ingawa hatuelewani hata neno.

Siku mbili nimenyamaza. Nimeogopa kufukuzwa, nimeogopa habari kufika nyumbani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi sikusema uongo, nilikaa kimya tu, lakini ni yale yale.

Leo baada ya ibada nimemweleza Neema yote. Nimemwambia pia kesho natangulia ofisini kabla mzee hajafika, liwalo na liwe. Nilitegemea anitukane. Natamani angenitukana.

Ameniangalia, macho yamejaa machozi, akasema, "Si ungeniomba tu? Ningekupa mti mzima."