Siri ya Nasra Ndani ya Treni

Mdogo wangu Zuhura, nakusalimu kutoka Birmingham, baridi inaniuma mpaka kwenye kucha.

Mjukuu wetu Nasra kanieleza anachosomea: watu wawili wanapelekeana siri kwa mwanga, na wa tatu akichungulia tu, mwanga unavurugika, wenyewe wanajua. Nikajigamba kuwa akili hiyo kaitoa kwangu.

Halafu nikakupigia simu ndani ya treni, nikamtangaza mchumba wake kwa sauti ya mnadani, eti huku nani anajua Kiswahili? Mama aliyekaa mbele yangu akauliza, "Harusi lini, bibi?" Nasra kaninunia siku mbili.

Nawe chunga mdomo, baba yake asijue kabla hajamwambia mwenyewe. Jina la kijana silitaji, kadi hii ya posta haina bahasha.

Meza dawa ya goti, usinibishie. Mungu akuponye. Nasra kaisoma hii, kacheka, kaenda kununua stempu.

Dada yako,
Rukia