Baba Kamnunua Jogoo Wake

Jumapili, 12 Juni 1994
Sijawahi kumwambia mtu: namwonea baba yangu aibu. Leo baada ya ibada, mnada wa mavuno. Baba kapandishana bei na mzee Mgaya kwa jogoo mwekundu mpaka kashinda. Jogoo wetu. Sadaka yake mwenyewe ya asubuhi. Alisahau kabisa. Mzee wa kanisa: "Baba Neema, huyu si umemleta wewe?" Watu hoi kwa kicheko. Baba naye kacheka. Mimi nyuma ya magunia ya viazi.

Jumatano, 15 Juni
Baba kapeleka mbao Makambako. Mnunuzi alimngoja jana, leo kashanunua kwingine. Mama kasema heri angekuwa mlevi, angejua la kumwambia mchungaji.

Ijumaa, 17 Juni
Daktari mgeni wa misheni kaja shuleni. Kaeleza kwa Kiingereza kuhusu watoto wasioweza kutulia, wanaosahau, wanaoanza mambo kumi. Nilidhani anamsimulia baba. Nikamfuata nje, nikamuuliza: na mtu mzima je? Kasema wengine hukua na hali hiyo. Si uvivu. Nimlete, pamoja na mtu aliyemlea.

Jumatatu, 20 Juni
Nimemwambia baba. Alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Kaweka randa chini. Kisha: "Kwa hiyo mwanangu unaniona kichaa." Kaondoka, chai hakunywa. Najichukia.

Alhamisi, 23 Juni
Baba kaenda kwa daktari! Bibi, mama yake, katoka Kifanya. Mkalimani mimi. Bibi kasema utotoni baba alipotumwa moto kwa jirani, alikutwa mtoni anajenga bwawa. "Nilimchapa sana. Nilidhani kiburi." Baba anatazama sakafu.
Daktari kauliza nyumbani wanamchukuliaje. Baba: "Mwambie nina binti. Akiniona njiani huvuka barabara."
Ilibidi nitafsiri. Ilibidi nimwambie binti ni mimi.
Daktari kasema dalili zipo, lakini wa kuthibitisha ni mtaalamu Dar es Salaam. Baba kasema atakwenda.

Jumapili, 26 Juni
Tumetoka kanisani pamoja, tukapitia sokoni. Baba kasimama kwa kila mtu, kila hadithi kaiacha katikati. Uso wangu unawaka. Aibu bado ipo. Sikuvuka.
Sasa hivi nasikia hatua zake nje. Zimekaribia mlango. Zimesimama. Zimerudi. Zinakuja tena. Akisahau alichojia, nitamngoja akumbuke. Nafunika ukurasa.