Dahlia Nyekundu za Jemima

Jumapili, 15 Julai 2001

Misa ya kwanza, kisha moja kwa moja bustanini. Nimevua viatu vya kanisa lakini kitenge kizuri chekundu nimesahau kuvua. Paulin, mume wangu, amelalamika. Anasema napiga magoti zaidi kwenye udongo kuliko mbele ya altari. Aseme! Dahlia zimefika kiunoni. Nimezifunga kwenye matete kwa kamba za mgomba na kuondoa vichipukizi vya pembeni ili ua la katikati linenepe. Vidole bado vinanuka majani. Napenda.

Binti yangu Jemima anaolewa tarehe 18 Agosti. Dahlia zitakuwa tayari. Mimi nikisema tayari, ni tayari.

Jumanne, 24 Julai

Wamekuja watu kuomba maua yangu ya arum. Kaburi tena — kijana aliyepigwa risasi njia ya Manguredjipa. Nimewakatia, ningekataaje? Arum zinajiotea zenyewe kando ya mfereji, nyeupe, nyingi, na tangu vita hivi vianze zote zinaishia makaburini. Sasa hapa Butembo mtu akiona arum zimekatwa haulizi bei, anauliza nani amekufa. Mwezi wa tano nilimkatia jirani yangu Mama Muyisa, za kaburi la mumewe. Alizibeba kwenye beseni kichwani. Hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Ndiyo maana nilipanda dahlia nyekundu. Jemima aliniambia wazi: "Mama, mi hapana taka kuolewa na maua ya kilio." Nimemwahidi nyekundu tupu, kuanzia altari mpaka mlangoni kwetu.

Eliezer, mchumba wake, ametuma salamu kutoka Beni. Yeye na watu wake watapanda kuja huku Ijumaa, mchana, kwa camion, lori la mizigo, siku moja kabla ya ndoa. Anauliza alete maua pia? Maua ya Beni! Joto la kule linayalaza kabla ya saa sita. Alete mchele tu.

Jumatatu, 6 Agosti

Ya kwanza imefunguka! Kubwa kama sahani. Nyekundu — nimekaa chini nikaitazama mpaka chai ikapoa. Paulin amekuja, akaizunguka, akasema ni nzuri, lakini haiendi kwenye sufuria. Huyo naye!

Konokono wasio na nyumba wamekula majani ya chini. Nimewazungushia majivu. Leo jioni tena. Vita hivi vyangu vya majivu ninavishinda.

Jumatano, 8 Agosti

Wameng'oa zote. Zote!

Tulikuwa sokoni. Nimekuta mashimo, mashina yametupwa kwenye njia, vitumba vimekanyagwa kwa buti. Maua wameyaacha. Wamechukua mizizi ile minene ya chini. Walidhani ni viazi vitamu.

Nimekwenda kwao, askari wanaokaa kwenye depo, ghala la zamani la kahawa, na jembe mkononi. Paulin nyuma yangu ananisihi nirudi, wale watu wana bunduki. Nimemjibu kwamba nami nina jembe. Askari mmoja mwembamba alikuwa anakoroga sufuria. Hakuogopa, hakukasirika. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mama, kiazi yako iko chungu sana. Ulipandaka nini?"

"Maua," nimesema. "Ya ndoa ya mutoto yangu."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Ameipua sufuria, akanirudishia ile mizizi ambayo hawajaipika bado, ndani ya kofia yake. Nimeona mikono yake, ngozi na mifupa. Hasira ikataka kuisha. Nimeiwasha tena njiani, kwa makusudi, nisije nikafika nyumbani bila kitu.

Mizizi nimeipanda tena jioni hii hii. Itaota. Kwa tarehe 18, hapana, hilo najua. Jemima amelia. Mimi nimekwenda kumwagilia.

Jumapili, 12 Agosti

Zimebaki arum peke yake. Basi, arum! Nimemwambia Jemima kwamba altari haina habari za makaburi yetu. Nitachana kile kitenge changu chekundu, nifunge utepe kwenye kila fungu, na mtu atakayesema kilio nitamtoa mwenyewe. Amesema sawa, mama. Haikuwa sauti ya sawa. Lakini mpango ni mzuri, nauona kabisa.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimekata arum zote alfajiri, kabla ya jua, kwa kisu kilichonolewa. Ndoo zimejaza baraza lote. Mfereji umebaki majani matupu. Ni nzuri, zinanuka maji safi.

Watu wa Eliezer walipaswa kufika mchana. Hawajafika. Dereva mmoja aliyetoka Maboya, njia ya Beni, anasema amesikia risasi nyuma yake, akakanyaga mafuta, hakugeuka. Ameona camion nyuma? Hajui. Paulin amekwenda kuuliza kituo cha magari, amerudi, amekwenda tena.

Barabara ni mbaya, tairi hupasuka. Watalala njiani. Utepe sijamaliza kufunga.

Jumamosi, 18 Agosti

Ndoa ni saa nne. Saa mbili nimefungua mlango nikakuta wanawake wa mtaa wamekaa chini barazani. Viatu wamevua, vitenge wamejifunga kiunoni, na arum zangu katikati yao. Waliziona jana kutoka njiani, wakasikia habari za barabara. Hawakuuliza mtu.

Nimewaambia: "Muamuke. Hapa hapana kilio. Ni ndoa."

Wengine wameanza kuinuka. Mama Muyisa hakuinuka. Amenitazama, bila ubaya wowote. "Basi utuambie, Mama Jemima. Eliezer iko wapi?"

Nimeingia ndani, nimetoka na visu vyote vya jikoni na kitenge chekundu. Nimesema kama wanakaa, wakae na kazi: wakate ncha za mashina, wabadilishe maji, wafunge utepe. Mama Muyisa amepokea kisu wa kwanza. Anafunga vizuri kuliko mimi.

Hawaondoki na hawalii. Mmoja alitaka kuanza wimbo, nimemkataza. Hakuna kuimba hapa mpaka tujue ni wimbo gani.

Sasa ni saa tano. Padri ametuma mtu kuuliza, nimemjibu angoje. Arum ikikatwa vizuri inangoja. Naandika nimesimama dirishani, mikono imelowa. Kule chini kuna camion inapanda, polepole, injini inalia. Visu vimenyamaza barazani. Jemima amevaa gauni lake. Amechukua ndoo moja ya arum, nzito, amekataa kusaidiwa, na anashuka nayo barabarani peke yake.