Cheti Changu na Pombe ya Mama

Sumbawanga, Jumamosi jioni. Upepo wa Julai unapita chini ya mlango wa gesti bila hodi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika.

Leo nimedharau watu wengi, shajara. Niache nianze na wengine. Mimi mwenyewe nitajifikia.

Kongamano la wanablogu lilikuwa lianze saa tatu. Lilianza saa tano na nusu kwa sababu mgeni rasmi hakuwa amefika, na alipofika akasema hatakaa, ana kikao. Mkufunzi wetu ni kijana wa Dar aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, na mabegani kajifunika blanketi la gesti. Hakumaliza sentensi bila neno maudhui. Chai ni maudhui. Ndoa yako ni maudhui. Msiba nao, akasema, ni maudhui mazuri mno ukiuwahi. Watu wazima, wenye ndoa zao na misiba yao, wakainamia madaftari wakaandika.

Kisha akatuonyesha ukutani picha aliyoipiga njiani: shamba limejaa matuta ya mviringo, moja baada ya jingine mpaka mlimani.

"Ufipa ni nchi ya siri, jamani," akasema. "Haya makaburi yote ni ya akina nani?"

Makaburi! Tunafukia majani chini ya udongo ili yaoze, juu tunapanda maharage, mwaka wa pili tunalisambaza tuta na kumwaga ulezi. Mtoto wa darasa la kwanza huku anajua. Lakini hakuna aliyemsahihisha. Nusu ya ukumbi ni watumishi wa kuja, na nusu ya pili ni Wafipa wanaoona haya kujulikana kwamba waliwahi kushika jembe.

Aliyecheka ni mama yangu peke yake. Alikuwa mstari wa mbele, kavaa kitenge cha Pasaka, kakaa na binti yangu Neema. Akamuuliza mjukuu wake kwa sauti ya shambani, "Huyu ni mtoto wa nani, hajui hata tuta?"

Nilimpenda sana mama dakika ile. Nilijua pia kwamba baada ya chakula itatolewa tuzo ya makala iliyosomwa zaidi, na kwamba tuzo hiyo ni yangu.

Aliyegeuza kongamano kuwa safari ya familia ni mume wangu, Baba Neema. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na asipoona migomba anasikitika kana kwamba amefiwa. Tulitoka Mbeya jana asubuhi. Tunduma alisimamisha gari apige picha malori. Laela alisimama tena apige picha mahali tunapoiacha lami kwenda Mwimbi kumchukua mama. Lilikuwa wazo lake: mama lazima amwone mwanawe akipewa cheti. Nilitafuta sababu ya kukataa, nikakosa hata moja ninayoweza kuitamka mbele yake. Mume wangu hajawahi kusoma makala zangu zaidi ya kichwa cha habari. Miaka yote hiyo nilimdharau kwa hilo. Jana nilishukuru.

Ndani ya gari mama alisimulia kilichompata mwezi wa pili. Alipika pombe ya ulezi mitungi miwili, akaalika majirani waje kumgeuzia matuta, kama anavyoalika kila mwaka tangu baba afariki. Kwetu ndivyo mjane anavyolima: anapika, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, kesho ni zamu ya mwingine. Safari hii walikuja watu wawili, na mmoja wao ni shemeji yake, ambaye angekuja hata kwa mtungi mtupu. Pombe ikachacha mpaka akaimwaga. Matuta akayapandisha mwenyewe, wiki tano, akianza kabla jua halijatoka.

"Sijui nimewakosea nini," alisema, akitazama nje. "Hata kwenye jumuiya wananisalimia kwa mbali."

Baba Neema akasema watu wa siku hizi hawana utu. Mimi nikamuuliza Neema kama amefunga mkanda.

Basi niseme hapa nilipokosea.

Mwaka juzi niliandika makala nikaiita Shamba Linalolimwa Bila Watu. Ilihusu bibi mjane wa kijiji fulani cha Ufipa, ambaye matuta yake huonekana yamekamilika asubuhi bila mtu kuonekana akilima. Sikuandika kwamba ni mchawi. Mimi ni mwalimu, nina ustaarabu wangu. Niliandika tu kwamba "wapo wanaouliza", nikaweka nukta tatu. Mama yangu huamka na jogoo wa kwanza akalima huku wengine wamelala, huo ndio uchawi wote. Nilijua, nimelima naye. Lakini watu wa mijini hawabofyi habari ya bibi anayewahi kuamka.

Nikabadilisha jina, nikaficha kijiji. Jembe lake sikulificha. Mpini mfupi, umefungwa mpira wa baiskeli pale ulipopasuka. Nililiona linapendeza kwenye sentensi.

Januari, rafiki niliyesoma naye Mwimbi aliniandikia: makala yako inazunguka kwenye kundi la kijiji, watu wanasema ni mama yako. Nikamjibu kwa kikatuni kinachocheka. Wasomaji walikuwa wanaongezeka kila siku. Nikaiacha.

Leo baada ya wali, yule kijana mwenye blanketi akasimama na karatasi. Akasema kabla ya kumwita mshindi atatusomea kidogo tuonje. Nilitaka kuinuka. Sikuinuka. Akasoma shamba, akasoma nukta tatu kwa kunyamaza kila zilipofika, akafika kwenye jembe.

Neema akaruka kwenye kiti, uso umejaa furaha. "Bibi! Si jembe lako hilo!"

Ukumbi ukacheka, ukadhani ni utundu wa mtoto. Mama hakucheka. Alinigeukia, akanitazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama mtihani nilioufeli. Kisha jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani, nikapokea cheti, nikatabasamu kwenye picha. Hapo sasa nimejifikia. Yule kijana hajui tuta ni nini. Mimi nimekulia juu ya hayo matuta, na nimeyauza kama makaburi.

Tuliporudi hapa gesti, mama alimwambia Neema amsomee makala yote, kuanzia mwanzo. Mtoto akasoma vizuri, hakukosea mahali. Baba Neema alitoka nje katikati ya kusoma.

Mama akaniuliza kitu kimoja. "Skola, jana nilipokuwa nasimulia ile pombe kwenye gari, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Nikamwambia nitaifuta. Nikachukua simu, nikaifuta mbele yake, nikamwonyesha. Akaitazama simu bila hamu.

"Kwa kuifuta humo kwenye simu, kuna mtu wa Mwimbi atakayerudi kunisalimia?"

Akaniambia Agosti ulezi ukishapurwa nitaomba ruhusa shuleni nije nipike pombe mimi, kwa mikono yangu, na nitapita mimi nyumba kwa nyumba kualika. Wakija, wakikataa kuja, niwepo nione. Halafu akaomba simu yangu, hiyo hiyo, akampigia katekista wa kigango chetu cha Mwimbi. Alimwamkia, akamuuliza hali ya mgongo wake, akazungumza naye mahindi. Mwishoni akasema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Kesho tutawahi ibada. Mwanangu ana tangazo. Mwache asimame wa mwisho, watu wote wakiwa bado wamekaa."

Sasa mama amelala, kanipa mgongo. Cheti kiko mezani, Neema amekiegemeza kwenye chupa ya chai kisichafuke. Nimejaribu kuandika tangazo lenyewe mara nne. Kila mara linaanza vizuri mno, lina mdundo, lina nukta tatu.

Nimechana karatasi zote. Nitasimama na kusema: ni mimi, na nilidanganya.

Kesho ni Jumapili.