Maombi ya Kufunga Mkutano

Celine uko? Wacha kazi kwanza usome hii.

Tumetoka mkutano wa kwaya hapa Kambi Muru. Lavender amesema mbele ya watu wote vile Morris, mwalimu wetu, alimshikashika baada ya mazoezi.

Unajua walimuuliza nini? "Nani aliona?" Nani aliona!! Hata mimi nikasema tusimharibie mtu jina bila shahidi.

Eti sasa tushikane mikono tufunge na maombi. Lavender akakataa mkono wa Morris, so nikaingia katikati yao.

Celine!! Pasta akiomba, Morris akanikwaruza kiganja kwa kidole. Polepole, vile wanaume hufanya wakikutaka.

Nikafungua macho. Watu wote wamefumba yao.

Nikisema, si wataniuliza nani aliona?